Kanga Juu ya Spika

Nakumbuka siku moja, mwanangu, bibi yangu mzaa mama alinyanyuka kwenye kiti cha mbele katika ukumbi uliojaa watu, akavua kanga aliyojitanda, akaenda taratibu mpaka kwenye spika ya kushoto, akaifunika kama mtu anavyofunika kitoweo inzi wasitue. Watu elfu moja walimwona. Haya, tuseme mia. Mwenye ukumbi alisema themanini, lakini yeye hakuwahesabu waliokuwa wakichungulia madirishani, na mimi niliwahesabu mara mbili kwa furaha.

Bibi alikuwa na sababu. Asiye na akili nilikuwa mimi. Sasa kaa nikueleze tangu mwanzo, maana vijana mnaokuja kwangu na simu zenu kutaka kufundishwa kazi hii mnaniuliza habari za programu na waya, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za kanga.

Kazi yenyewe unaijua. Unanasa sauti ya kitu, labda mlango wa bati wa duka la Mkuyuni ukifunguliwa asubuhi. Unaikata, unaivuta, unaigeuza kinyumenyume, unaiunganisha na nyingine, mpaka mlango unakuwa mnyama, au mvua, au mtu anayekaribia. Halafu unaipiga kwa spika nne, moja kila pembe ya chumba, na watu wanakaa katikati. Hakuna gitaa, hakuna mwimbaji. Wasomi wanauita muziki wa elektroakustiki. Neno hilo lilinifikia nikiwa nimeshaifanya kazi hiyo miaka sita, nikalipokea kama mtu mwenye watoto sita anayeambiwa kwamba kumbe ameoa.

Kuutunga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuunadi, na hiyo ndiyo inayotoa jasho. Mara ya kwanza nilipoupiga mbele ya watu, mzee mmoja alivumilia dakika ishirini, kisha akanyoosha mkono. "Kijana, ukimaliza kujaribu mitambo utuambie, tukae vizuri." Nikamwambia nimemaliza. Akasema, "Basi sawa. Anza." Mara ya pili nilizunguka na baiskeli mtaa kwa mtaa nikitangaza kwamba watu watasikia kivuko kikipita juu ya vichwa vyao. Wawili walikuja na miavuli.

Wakati huo nilikuwa fundi redio kibandani Mkuyuni, hapa Mwanza, na ikifika saa kumi na moja nafunga kibanda naenda shule ya jioni, kusoma na watu wazima wenzangu waliokuwa wakisinzia kwa zamu. Mwalimu wetu wa fizikia alituambia kwamba sauti ni hewa inayosukumwa, basi. Wenzangu walitoka darasani na daftari. Mimi nilitoka na ugonjwa. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na ndevu kamili, na nilifaulu kwa kishindo kilichosikika mpaka Bukoba, ingawa cheti chenyewe kinalisema jambo hilo kwa sauti ya chini kidogo.

Mitambo yangu ilikuwa redio kaseti mbili nilizozikarabati, maikrofoni moja niliyoivalisha soksi ili upepo wa ziwa usiingie, wembe na selotepu. Nilikuwa nakata kipande cha mkanda, naunganisha ncha zake kinakuwa duara, nakipitisha kwenye redio na kukizungusha kwenye shingo ya chupa ya soda, na sauti ile inarudi, inarudi, inarudi, mpaka umeme ukatike. Usicheke. Leo simu yako inafanya hivyo kwa kidole kimoja, lakini kidole chako hakina kovu la wembe hata moja.

Nyumbani tulikuwa mchanganyiko wa mjini. Baba fundi cherehani, mzazi wake mmoja wa Tabora na mwingine nusu Mwarabu, nusu hajulikani. Mama alikuwa Mzinza wa ng'ambo ya Busisi. Sisi watoto tulikuwa na lugha moja tu, Kiswahili, na tuliringa nayo. Kizinza cha bibi kwetu kilikuwa kama redio ya jirani: unaisikia, lakini si wewe uliyeifungua. Bibi alikaa nasi tangu alipofiwa na mumewe, na kwa desturi ya bibi na mjukuu aliniita mume wangu, nami nikamwita mke wangu, na kila nikichelewa kula aliniuliza mke mwenzake anaitwa nani.

Chumbani kwangu sakafu ilijaa vipande vya mkanda. Asubuhi alikuwa anavifagia.

"Mume wangu, hizi nyuzi nyeusi za nini?"

"Ni sauti, bibi."

"Basi sauti zako nazitupa jalalani. Zikianza kusema huko usinilaumu."

Yashike hayo maneno, mwanangu. Tutayarudia.

Siku hizo hapakuwa na daraja. Aliyetaka kwenda Busisi alishuka Kigongo akangoja kivuko cha kuvukia ziwa. Nami nilikwenda Kigongo kukinasa hicho kivuko, hasa lile bamba la chuma la kupandishia magari linapoburuzwa kwenye zege. Lilitoa sauti ya kifaru mwenye njaa. Nadhani hata vifaru wa Serengeti walikuwa wakiinua vichwa. Nilipomaliza nikaona pembeni kidogo, mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki, wanawake wawili wanaanika dagaa juu ya nyavu kuukuu. Walikuwa wakiwageuza kwa fagio: chwaa, chwaa, chwaa. Nikasimama. Ilikuwa kama mvua inayonyesha kwa adabu.

"Habari za kazi, dada zangu."

"Nzuri. Unatafuta nini na hiyo soksi?"

Aliyeuliza aliitwa Leokadia, mwanamke wa rika langu, mrefu, ameolewa hapo hapo Kigongo. Mwenzake aliitwa Skolastika. Nikasema naomba kunasa sauti.

"Sauti ya nani?"

"Ya dagaa."

Skolastika akamtazama mwenzake, kisha akanitazama mimi kwa huruma. "Kaka, hawa wameshakufa."

"Wanasema wakigeuzwa."

"Unataka dagaa tu?" Leokadia akauliza.

"Dagaa tu."

"Haya. Nasa dagaa."

Nikaiweka maikrofoni juu ya jiwe karibu nao, nikakaa. Baada ya muda wakanisahau. Wakaanza kuongea kwa Kizinza, kwa uhuru wote, maana walikuwa wameshaona kutokana na salamu zangu kwamba mimi ni mtoto wa mjini, sina lugha. Mtu asiye na lugha yako ni kama kuku uani, humfichi kitu.

Nikarudi nyumbani, nikavaa hedifoni, nikasikiliza. Dagaa walikuwa wazuri. Lakini katikati ya dagaa ilikuwamo sauti ya Leokadia, maneno machache tu, inapanda mwanzoni na kushuka mwishoni kama mtu anayeteremka ngazi kwa hatua za kuhesabu, na mwisho wa ngazi kicheko. Ee mwanangu. Niliisikiliza mara elfu, na safari hii elfu ni elfu. Dagaa wakawa si kitu tena. Nikachukua wembe. Kicheko kilikuwa kinaharibu huzuni niliyoitaka, nikakikata, kikaanguka sakafuni. Maneno nikayafanya duara. Nikayavuta yakawa marefu, nikayashusha yakawa mazito, nikayapanga yazunguke kutoka spika hadi spika ili msikilizaji aone kwamba mwanamke yule anamzunguka. Miezi mitatu nilifanya kazi hiyo, kichwa ndani ya hedifoni, na hatua nne kutoka nilipokaa, nje ya mlango, bibi yangu Mzinza alikuwa amekaa mkekani anachambua maharage.

Sikumuuliza kitu. Kwangu ile ilikuwa sauti. Mwalimu wa fizikia alisema ni hewa.

Sasa ikawa kuna mgeni anakuja kutoka Dar, mtu wa kuandaa maonyesho makubwa ya muziki wa namna hii, huko na hata nje ya nchi. Nilimwandikia barua kumi na nne, akajibu moja, na hiyo moja ilisema atapita Mwanza Jumamosi na ataondoka Jumatatu jioni. Akikipenda kipande changu atakichukua. Mimi nikatangaza mji mzima kwamba nakwenda Ulaya. Nikampelekea nakala ya kanda mtangazaji mmoja niliyesoma naye shule ya jioni, akapanga kuipiga redioni Jumatatu hiyo hiyo baada ya taarifa ya habari ya jioni, saa ambayo kila mwenye redio kando ya ziwa anakuwa ameiwasha. Onyesho nikalipanga Jumamosi ile, na spika nne nikaazima kwa Mzee Kanji, Mhindi muuza vipuri vya redio pale Nyamagana, ambaye babu yake aliuza taa za chemli kwenye duka hilo hilo. Alinipa kwa sharti moja, nisimwalike. Akaja mwenyewe, akakaa karibu na mlango wa kutokea.

Na bibi nikamweka mbele. Nilitaka aone mumewe amekuwa mtu.

Kipande kikaanza. Kivuko, bamba la chuma, watu wakatulia. Dagaa, chwaa, chwaa, wakatabasamu. Kisha Leokadia akaingia kwa spika ya kulia. Mara ya kwanza bibi aliinua kichwa. Mara ya pili aligeuka nyuma, kama anayemtafuta aliyesema. Mara ya tatu, ya nne, sauti inazunguka ukumbi mzima, na bibi anazunguka nayo kitini. Ndipo alipoinuka akavua kanga, akaenda kuifunika spika. Alipoona spika tatu nyingine zinaendelea akabaki amesimama pale, mkono mmoja juu ya kanga, kichwa wazi mbele za watu, mwanamke ambaye sikuwahi kuziona nywele zake hata nyumbani.

Watu wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya kipande. Mgeni wa Dar akaandika kitu kwenye daftari lake, na baadaye akanishika bega akaniambia, "Lile wazo la kanga ni kubwa sana."

Nilimfuata bibi nje. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya ukumbi, amejitanda tena.

"Athumani," akasema.

Tangu nipate akili alikuwa hajawahi kuniita kwa jina. Nikajua nimekuwa mjane.

"Yule mwanamke anasema nini?"

"Ni sauti tu, bibi. Ni kama ala."

"Sikukuuliza ni kama nini. Nimekuuliza anasema nini."

"Sijui."

"Anasema, nikivuka sirudi. Nimesikia anamwambia mwenzake, nikivuka sirudi. Umelisema hilo kwenye pembe nne za ukumbi, mara ishirini. Ana mume?"

"Ameolewa Kigongo."

"Mume anajua?"

Nikajitetea kwamba nimeyavuta maneno, nimeyashusha, hakuna atakayeelewa. Bibi akanitazama.

"Mimi nimeelewa," akasema, "na masikio yangu yana miaka themanini. Mwanamke hasemi hivyo kwa kila mtu. Alimwambia mmoja. Wewe umewaambia wote, na Jumatatu unaiambia redio. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, Athumani. Wewe umeichukua kata ukaenda kuipigia ngoma."

Ningependa kukuambia kwamba nilikimbia pale pale kwenda kuichukua kanda redioni. Sikukimbia. Jumapili asubuhi nilikwenda kwanza hotelini kwa mgeni wa Dar, maana Ulaya bado ilikuwa inaniita kwa mkono. Nikamwomba achukue kipande kile kile lakini nitoe ile sauti, nibakize kivuko na dagaa.

"Huyo mwanamke ndiye kipande," akaniambia. Alikuwa amevaa skafu shingoni, katika joto la Mwanza. "Dagaa ni pambo tu. Bila yeye sina la kupeleka."

Nikamweleza maneno yale yana maana gani.

"Sasa nani atakayejua?" akasema.

Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, niliyomwambia bibi jana yake. Yakiwa mdomoni mwangu niliyaona ya busara. Kwenye mdomo wa mwingine niliona jinsi yalivyo. Wahenga walisema nyani haoni kundule, na mimi nilihitaji mtu wa skafu anigeuzie kioo. Nikamshukuru kwa chai, nikamwachia Ulaya yake mezani, nikaenda redioni. Mtangazaji alilalamika sana, maana alikuwa ameshaitangaza mara tisa, lakini akanirudishia kanda. Usidhani nilikuwa shujaa. Nilitembea mpaka Mkuyuni nikiwa na kanda mfukoni na hasira kwa kila Mzinza aliyewahi kuzaliwa.

Jumatatu asubuhi bibi akanisindikiza Kigongo. Au mimi ndiye niliyemsindikiza. Tuliwakuta wote wawili mwaloni, na fagio zao. Skolastika akaniona kwa mbali.

"Yule Bwana Soksi amerudi. Safari hii amekuja na mama yake."

Bibi akawasalimu kwa Kizinza. Walishtuka, wakaacha fagio, wakapiga magoti kidogo kumwitikia, na nikaona Leokadia anapiga hesabu kichwani: kama huyu mzee anajua Kizinza, na huyu ni mtu wake. Bibi akanigeukia. "Sema mwenyewe. Kwa Kiswahili chako hicho hicho."

Nikasema yote. Kwamba niliomba dagaa nikachukua na yeye. Kwamba sikujua maana. Kwamba ilipigwa ukumbini, na ingepigwa redioni jioni hiyo, na haitapigwa.

"Mume wangu ana redio," Leokadia akasema. "Hawezi kula bila redio." Aliuliza polepole, "Wangapi wamesikia?"

"Kama elfu..." nikaanza. Bibi akakohoa. "Themanini," nikasema. Nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kutaja idadi iliyo sahihi.

"Kulikuwa na Mzinza?"

"Bibi peke yake. Tunavyojua."

"Mnavyojua," akarudia.

Kisha akaomba asikilize. Nikamvalisha hedifoni juu ya kilemba, nikabonyeza. Alisikiliza mpaka mwisho, macho yake kwenye kivuko kilichokuwa kinapakia upande wetu. Alipozivua nilikuwa tayari kwa kofi, nilishalegeza shavu.

"Mbona umeniliza?" akauliza.

"Vipi?"

"Mimi sikulia. Haya niliyasema nacheka. Skolastika si yuko hapa?"

"Alicheka mpaka akamwaga beseni," Skolastika akasema. "Dagaa wote mchangani. Nikawaosha mimi."

"Nilicheka kwa sababu nilikuwa nimeshaamua," Leokadia akaniambia. "Huyu wako hajaamua. Huyu wako anaomba ruhusa. Huyu simjui."

Nikakikumbuka kicheko. Nilikikata mwenyewe kwa wembe, kikaanguka, na bibi akakifagia pamoja na nyuzi nyingine akakipeleka jalalani. Kumbe nilikuwa nimechukua siri ya mtu na nikaacha kitu kimoja ambacho kingeweza kunieleza maana yake hata bila kujua lugha. Mtu aliyejiita mwenye masikio. Bibi alikuwa anachambua dagaa, anawatoa wadogo.

"Siku ile uliomba nini?" Leokadia akauliza.

"Sauti ya dagaa."

"Basi chukua dagaa. Anzia mwanzo wa huo mkanda. Juu yake hapo hapo."

Nikaurudisha mkanda mwanzo, nikaweka maikrofoni juu ya jiwe lile lile, nikabonyeza kitufe chekundu. Kanda ya redioni ikafuata, nayo nikaifuta. Duara nilikuwa nimelibeba mfukoni. Nikampa Leokadia mkononi, akalikata kwa meno. Wakageuza dagaa muda wote huo bila kusema neno, chwaa, chwaa, nami nimekaa nikisikia miezi mitatu ya kazi yangu ikifunikwa taratibu, upana wa fagio kwa fagio. Kivuko kilipiga honi mara moja. Skolastika alitaka kucheka akajizuia, na ukisikiliza vizuri kuna mahali pumzi inakatika. Ni yeye.

Tulipokuwa tunaondoka Leokadia alimpa bibi dagaa kwenye kitambaa. Mimi hakunipa kitu, na ilikuwa haki.

Kama alivuka, mwanangu, au hakuvuka, sikuuliza. Nilipita Kigongo mara nyingi baada ya hapo na kila mara ulimi uliniwasha. Skolastika nilimwona siku moja anageuza dagaa na mwanamke mwingine. Tukasalimiana, akaniuliza hali ya soksi yangu, nikasema nzima. Sikuuliza. Nilichukua mara moja nisichopewa. Kutouliza ndiko kulikuwa kurudisha. Siku hizi daraja lipo, gari linapita juu ya maji kabla hujamaliza kufunga kioo, na hakuna anayesimama kando kungoja zamu yake ya kuvuka huku amebeba moyoni jambo lake.

Ulaya ilikawia miaka tisa. Nilipokwenda nilikwenda na kanda ile niliyoinasa upya mwaloni: kivuko, dagaa, honi moja, na pumzi iliyokatika. Ndicho kipande watu wananijua nacho. Na kila ninapokipiga, popote pale, kabla sijaanza natoa kanga ya bibi naifunika spika ya kushoto. Bibi mwenyewe ametangulia, Mungu amrehemu, baada ya kurudi kuniita mume wangu, jambo lililochukua mwezi mzima na kilo tatu za sukari. Watu huniuliza ile kanga ina maana gani. Wapo walioandika kurasa kwa kurasa. Nawaambia inazuia vumbi.

Wewe nimekuambia ukweli kwa sababu juzi umekuja kwangu na simu iliyojaa sauti za watu: wauza samaki, watoto, mama mmoja anayembeleza mgonjwa kwa lugha ambayo ulipoulizwa ulisema hujui, lakini inapendeza. Mwanangu, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na sisi wa kazi hii tunajikwaa kwa ndimi za wenzetu. Mlango wa bati ukate upendavyo, hauna mume wala wakwe. Mtu akiwa ndani ya sauti, rudi kwake umuulize alisema nini, na kama hukumbuki alipo, mtafute mwenye lugha yake. Mara nyingi yuko hatua nne kutoka ulipokaa, anachambua maharage, anangoja uvue hedifoni. Ukiomba dagaa, toka na dagaa. Kazi yako inadi kwa nguvu zote, sema watakuja elfu hata wakija themanini, hilo halimuumizi mtu. Lakini siku mwenye sauti atakapokuuliza ni wangapi wamesikia, mtajie themanini. Na kabla hujakata kicheko cha mtu kwa sababu kinakuharibia huzuni yako, kisikilize kwanza. Pengine ndicho alichotaka kusema.

Nenda sasa, umrudie huyo mama. Mungu akupe masikio yenye haya na mkono mzito kwenye wembe. Akujalie bibi wa kukuita kwa jina siku utakapostahili, na akujalie urudi kuitwa mume wake. Na sauti zako zote ulizotupa jalalani, zikianza kusema, ziseme mema juu yako. Amina.